Mji mdogo na we uko singo: namna ya kujua kama patakufaa kabla hujafunga mabegi

Mtu akipata kazi kwenye mji mdogo huwa anauliza vitu viwili tu, mshahara ni kiasi gani na kodi ya nyumba ikoje, akishapiga hesabu akaona kuna kinachobaki anafunga mabegi anaondoka. Miezi minne baadae yuko chumbani Jumamosi jioni amelala chali anahesabu mbao za dari. Mi nimewahi kuwa huyo wa dari, ndo maana nayajua haya, na nimewahi pia kuishi mji mdogo kuliko huo ambao siku ya kuondoka nililia, kwa hiyo ukubwa wa mji sio kesi. Kesi ni hii: mji una mlango wa mgeni kuingilia, au hauna? Huo mlango hauonekani kwenye picha na hauandikwi kwenye mkataba wa kazi, inabidi uutafute mwenyewe.

Tuelewane kwanza, nikisema mji mdogo simaanishi kijiji. OECD, lile shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, wao wanaita mji mdogo ule wa watu 50,000 mpaka 200,000, na watakwimu wa Umoja wa Mataifa walikubaliana 2020 kwamba eneo linahesabiwa jiji kuanzia watu 50,000, wakiwa wamebanana angalau 1,500 kwa kila kilomita ya mraba. Yaani tunaongelea mahali penye hospitali, benki, stendi, shule kadhaa na watu wa kutosha kabisa. Ukikaa mpweke kwenye mji wa watu 80,000 usiseme watu hawapo.

Anza na simu yako

Kabla hujauchunguza mji jichunguze mwenyewe, ila usijiulize "hivi mi ni mtu wa aina gani" manake hapo kila mtu anajidanganya. Chukua simu, rudi nyuma miezi miwili, pitia picha, meseji na pesa ulizotoa, afu andika kila wikendi ulikuwa wapi na nani. Wengi wanaosema hawawezi kuishi nje ya jiji kubwa wakifanya hivi wanakuta kwenye wikendi nane wametoka mara mbili, na zote mbili walikuwa wamekaa na washkaji wale wale watatu nyumbani kwa mmoja wao. Huyo hahitaji jiji, anahitaji washkaji watatu. Mwingine ndo kinyume, anajiita mtulivu kumbe kila wiki yuko kwenye muziki wa laivu, dansi, mechi, na kila sehemu ana kundi lake tofauti lisilojuana na lingine, huyo mji mdogo utambana mbavu.

Afu jiulize kingine, we ukiwa huna kampani unaanzisha jambo au unasubiri kualikwa? Jibu bila aibu, upo peke yako hapo. Jiji kubwa linawabeba wanaosubiri kwa sababu vitu vingi vimeshaanzishwa na watu, we unaingia tu. Mji mdogo mara nyingi kitu unachokitaka hakipo mpaka mtu akianzishe, na huyo mtu huenda akawa wewe. Raha yake sasa, ukianzisha hata kikundi cha watu sita cha kukimbia asubuhi, haupiti mwezi mji wote unakujua, kitu ambacho kwenye jiji la mamilioni hukipati hata ukae miaka kumi.

Nani anaingia, nani anatoka

Hapa ndo penye mnofu kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mji ambao watu wake wengi walizaliwa hapo hapo, wakasoma shule zile zile, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, unakuwa na watu wazuri sana ambao hawana nafasi. Sio roho mbaya. Ratiba zimejaa tu, Jumamosi ni kwa wakwe, Jumapili ni kwa binamu, likizo ni na rafiki wa toka utotoni. Watakusalimia, watakusukumia gari likizima, ila Jumamosi jioni simu yako haitalia na wala hawatajua kama ilitakiwa kulia. Mji ambao kila mwaka unapokea watu na kupoteza watu uko tofauti kabisa, manake umejaa wenye pengo kama lako, na mwenye pengo ndo anayefungua mlango.

Kwa hiyo tafuta kinachovuta wageni ni nini, ila kila kivutio kina ujanja wake. Chuo kikuu kinaleta vijana kweli, lakini ukiona takwimu zinasema mji una vijana wengi angalia kama sio wanafunzi wa miaka 18 mpaka 22 ndo wamejaza hesabu, manake we una miaka 27 na kazi, hao ni wadogo zako, na likizo ikifika mji unabaki na upepo. Hospitali kubwa inayofundisha madaktari na manesi mi naiona bora zaidi, inaleta watu wa umri wako, wana kipato, wametoka kila mahali, ubaya ni zamu, leo yupo kesho analala mchana. Mgodi au kambi ya jeshi inaleta wanaume wengi kuliko wanawake na hilo linabadilisha mambo mengi, kuanzia usiku ulivyo mpaka mwanamke akitembea peke yake anavyoangaliwa, kwa hiyo dada zangu ulizeni wanawake wenzenu wanaoishi hapo na sio mwenye nyumba. Mji wa watalii unakuwa na shangwe za msimu, wafanyakazi vijana wanakuja kwa mafungu na kuondoka kwa mafungu, unazoea watu kisha stendi inawachukua, na nyumba za kupanga zinakuwa bei juu manake mgeni wa wiki moja analipa vizuri kuliko wewe. Kiwanda kimoja kikubwa nitakigusa mbele.

Mji wa ofisi za serikali usikuchanganye. Una watu wengi wa kuhamishwa, wasomi, wengine singo kabisa, unaona hapa patanoga. Fanya hivi: nenda stendi au kituo cha treni Ijumaa jioni, kaa hapo lisaa limoja. Kama mabasi ya kutoka yanajaa watu wenye begi moja la mgongoni, na Jumapili usiku watu wale wale wanarudi, ujue mji ule watu wanafanya kazi tu, maisha yao yako kwingine. Utakuwa na kampani Jumatatu mpaka Alhamisi afu wikendi unabaki wewe na walinzi wa maofisi.

Dawa nyingine ambayo haijawahi kunidanganya ni swali moja. Kila unayekutana naye, kinyozi, msusi, muuza duka, mfanyakazi mwenzako mtarajiwa, muulize "we ni mwenyeji hapa au ulikuja?" Akisema alikuja, muulize alikuja mwaka gani, rafiki yake wa kwanza alikuwa nani na walikutania wapi. Uliza watu kama kumi. Kama wageni ni watatu au wanne na kila mmoja ana jibu la haraka, labda ni timu ya mpira, kwaya, jimu, kanisani, msikitini, darasa la lugha, basi hayo majibu ndo milango yenyewe, yaandike. Kama wageni wote wanakwambia rafiki yao wa kwanza alikuwa mtu wa ofisini na wa pili pia wa ofisini, shtuka, manake ukikosana na ofisi umekosana na mji. Na kama kati ya kumi hujapata hata mgeni mmoja, jibu umeshapata.

Nenda Jumanne

Watu wanakwenda kuangalia mji wikendi, tena ile wikendi ya tamasha, jua limechomoza vizuri, mwenyeji amewazungusha, wanarudi wamependa. We nenda Jumanne. Nenda msimu mbaya, wa mvua au baridi au joto, wowote ule wenyeji wanaoulalamikia. Lala gesti ya kawaida usiku mitatu minne, afu saa mbili usiku toka kwa miguu uangalie nani yuko nje. Simaanishi baa tu. Nimemaanisha watu wenye umri wako wanatoka wapi wanaenda wapi, kuna vijiwe ambavyo mtu anakaa peke yake bila kuangaliwa kama katoroka mahali, taa zipo, usafiri wa kurudi upo? Kwenye miji mingi midogo mabasi ya ndani yanalala mapema, na basi la mwisho ndo linaamua maisha yako ya jioni kuliko kitu kingine chochote, kama la mwisho ni saa moja na nusu na we unaishi pembeni basi jioni huna, chukua hiyo.

Jumapili mchana pia pitia. Jumapili mchana mji wa familia unafunga milango, kila mtu yuko kwao, mgeni anatembea barabarani kama mlinzi. Kama ukitembea hiyo Jumapili na bado umeona mahali pa kukaa masaa mawili na kuongea na mtu hata mmoja, weka alama ya vyema.

Hesabu ya masaa

Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti uliofuatilia watu waliohamia sehemu mpya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaona mtu unayemjua juu juu anahitaji kama masaa 50 mkiwa pamoja ndo awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki kweli, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Haya piga hesabu. Kikundi mnachokutana masaa mawili kwa wiki, masaa 50 ni wiki 25, karibu nusu mwaka, na masaa 200 ni wiki 100, karibu miaka miwili! Ndo maana mtu wa mwezi wa pili anayesema "mji huu hauna watu" anaongea mapema mno, hata angekuwa kwenye jiji la milioni kumi angekuwa bado kwenye masaa ya mwanzo.

Ila hapo hapo ndo mji mdogo unapoweza kukubeba, manake masaa yanajilimbikiza yenyewe. Mtu uliyemuona kwenye mazoezi Jumatatu unamkuta sokoni Jumatano na kwenye foleni ya benki Ijumaa, bila kupanga. Kwenye jiji kubwa kila kuonana ni miadi, na miadi inaahirishwa. Sasa hii faida unaipata ukikaa katikati ya mji, au karibu na njia watu wanayopita. Kuna utafiti wa zamani wa 1950, mwanasaikolojia Festinger na wenzake waliangalia nyumba za wanafunzi wenye ndoa pale chuo cha MIT Marekani, wakakuta asilimia 41 ya majirani wa mlango kwa mlango walitajana kama marafiki, ila wanaokaa ncha mbili za korido moja ni asilimia 10 tu, wakati umbali wenyewe ni hatua chache. Kwa hiyo ukiambiwa kuna chumba kidogo katikati na nyumba kubwa yenye bustani kilomita nane nje kwa bei ile ile, chukua chumba. Nyumba kubwa ya nje nilichukua mimi, bustani ilikuwa nzuri, nimeshakwambia habari ya dari.

Mapenzi, manake najua ndo ulikuwa unasubiri

Wacha tupige hesabu ya kubuni tu uone ilivyo. Mji wa watu 80,000, chukulia asilimia 15 wako kwenye umri unaoutaka, hao 12,000. Jinsia unayoitafuta ni nusu, 6,000. Walio huru tuseme theluthi moja, 2,000. Mnaoendana dini, mtazamo, habari ya watoto, na kucheka vichekesho vinavyofanana, mmoja kwa ishirini, wamebaki 100. Na kati ya hao wa kukupenda na wewe, mmoja kwa watano, ishirini.

Ishirini ni wengi kuliko unavyodhani, we unahitaji mmoja. Shida ya mji mdogo ipo kwenye mwingiliano. Wa kwanza ni dada yake bosi wako, wa pili aliachana na rafiki yako mwezi wa tatu, wa tatu ukimtongoza akikataa mtaonana kwenye mazoezi mwaka mzima. Programu za kutafuta wachumba unazimaliza siku mbili, unaanza kuona sura za wateja wako. Kosa moja linakaa mjini kama moshi kwenye nguo. Kwa hiyo kama we ni mtu wa kujaribu jaribu bila kutaka maelezo mengi, mji mdogo utakuchosha wewe na utawachosha wao. Kama una masharti finyu, labda dini yenye waumini wachache hapo au lugha yako haiongelewi, rudia ile hesabu na namba zako, ile ishirini ya mwisho ikigeuka kuwa moja au sifuri, basi kubali tangu sasa kwamba mchumba atatoka nje ya mji, na weka nauli ya kila mwezi kwenye bajeti kama unavyoweka umeme. Ila kama unapenda kumjua mtu taratibu, kuona anavyoongea na wazee wake, anavyolipa madeni, hapo mji mdogo unakupa habari ambazo kwenye jiji kubwa ungezipata mwaka wa pili wa ndoa.

Kazi ya pili

Kila mtu anaangalia kazi aliyopata. We angalia kazi utakayoifanya hiyo ikifa. Kwa wiki sita au nane kabla hujahama fuatilia matangazo ya kazi za fani yako hapo mjini, na usihesabu matangazo, hesabu waajiri, manake mwajiri mmoja ambaye watu hawadumu kwake anaweza kutangaza mara tano na we ukaona soko ni zuri. Waajiri wakiwa wawili watatu una pumzi. Akiwa mmoja, hasa kile kiwanda kikubwa nilichosema, basi mshahara wako, kodi ya mwenye nyumba wako na mauzo ya duka la jirani vyote vinaning'inia kwenye kamba moja, siku ikikatika mnaanguka pamoja na hata nyumba ya kuuza haina mnunuzi. Kama unafanya kazi kwa mtandao hili linakuhusu kidogo, we jaribu intaneti ya mtaa husika jioni wakati kila mtu yuko nyumbani, sio asubuhi.

Na koneksheni zako za zamani usizikate. Mark Granovetter, yule mwanasosholojia, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, na kwenye makala yake ya 1973 zaidi ya nusu walisema huyo mtu walikuwa wanaonana naye mara moja moja tu, sio rafiki wa kila siku. Sababu yake inaeleweka, mnaoshinda wote mnajua habari zile zile. Mji mdogo una hiyo tabia kwa ukubwa wa mji mzima, kila mtu ameshasikia, kwa hiyo habari mpya inatoka kwa yule mliyefanya naye kazi miaka mitatu iliyopita mji mwingine, mtumie meseji ya salamu hata kama huna shida.

Mambo ya kupita haraka

Nyumba za mtu mmoja huwa chache, mji umejengwa kwa ajili ya familia, na nzuri hazifiki kwenye matangazo, zinapita mdomo kwa mdomo, kwa hiyo usilipie kitu ukiwa mbali, fikia kwenye chumba cha muda afu tafuta ukiwa hapo. Umbea upo, usipambane nao, ila ujue daktari wako, mtu wa kukupa ushauri wa nafsi na bosi wako wanaweza kuwa wanacheza timu moja, kama una jambo unalotaka libaki lako tafuta huduma hiyo mji wa jirani au kwa simu. Ugonjwa wowote unaohitaji bingwa, uliza bingwa huyo yuko wapi na anakuja siku gani.

Mlango wa kutokea

Hiki watu wanakisahau kabisa. Mji mdogo wenye jiji kubwa masaa mawili na usafiri wa uhakika sio sawa na mji mdogo wa mwisho wa barabara, hata kama idadi ya watu inafanana. Angalia la mwisho la kurudi Jumapili ni saa ngapi, nauli ya kwenda na kurudi ni siku ngapi za mshahara wako, na mvua kubwa ikinyesha njia inapitika au mnasubiri. Mtu anayejua anaweza kutoka anakaa kwa amani, asiyeweza anauchukia mji hata kabla haujamkosea.

Mkataba wa nyumba saini wa miezi sita, ukikuta wa mwaka tu omba kipengele cha kuondoka kwa notisi, wengi wanakubali ukiongea vizuri. Afu weka tarehe kwenye simu, mwezi wa saba tangu uhamie, na kabla ya hapo usiuhukumu mji hata siku ikiwa mbaya vipi. Siku hiyo ikifika usijiulize kama una furaha. Hesabu: ni watu wangapi hapa ningewapigia saa sita usiku nikiumwa, wangapi walinialika kitu mwezi uliopita bila mimi kuwaalika kwanza, na ni mara ngapi nilipita mtaani nikaitwa kwa jina. Kama wa kwanza wapo wawili na wa pili wapo hata watatu, ongeza mkataba. Kama yote ni sifuri na kweli ulitoka, ulijiunga, ulianzisha, toa notisi. Makochi usinunue mpaka hiyo tarehe ipite, kalia viti vya plastiki.